Nani Anajaza Fomu?

Mwezi Julai 2011, Dame Sally Davies, Mganga Mkuu wa Serikali nchini Uingereza na mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, aliwaandikia wakuu wa shule za tiba barua iliyowashtua. NIHR, taasisi inayogawa fedha za serikali za utafiti wa afya, ilikuwa ikitoa mamilioni ya pauni kwa vituo vinavyounganisha vyuo vikuu na hospitali za kufundishia. Sasa ujumbe ulikuwa kwamba katika duru itakayofuata, shule ya tiba isiyo na tuzo ya Athena SWAN ya daraja la fedha isitarajie kuingia kwenye orodha fupi ya waombaji.

Athena SWAN ni mkataba wa hiari ulioanza mwaka 2005 na vyuo vikuu 10. Chuo au idara inayojiunga hujikagua yenyewe: ina wanawake wangapi katika kila ngazi, nani ameajiriwa, nani amepandishwa cheo, nani ameondoka na kwa nini. Kisha huandika mpango kazi wa kurekebisha kasoro na kuomba tuzo ya shaba, ya fedha au ya dhahabu. Kwa miaka sita ya mwanzo, shule nyingi za tiba hazikuwa na haraka na jambo hilo. Barua ilipofika, haraka ikapatikana.

Kisa hiki kinafaa kusomwa na yeyote anayeandika au kupitisha miradi ya kuwainua wanawake katika taaluma ya tiba na utafiti wa afya ya akili, awe Dodoma, Eldoret au Kampala. Ni mradi wa aina yake, kwani uliandikwa kwa makini, ukapewa meno, ukatekelezwa kwa miaka mingi, kisha ukachunguzwa na watu wasiokuwa na sababu ya kuupamba. Miradi mingi tunayoifahamu huzinduliwa kwenye ukumbi wa hoteli kwa mabango na fulana, na hufungwa kwa ripoti yenye picha. Yaliyotokea katikati hubaki kuwa mazungumzo ya chai ya waliohusika.

Kamati yaundwa

Tuingie ndani ya idara iliyotakiwa kuomba tuzo. Kwanza huundwa kamati ya kujitathmini. Kamati hiyo hukusanya takwimu za wafanyakazi na wanafunzi za miaka kadhaa, huandaa dodoso kwa idara nzima, huketi kuyajadili majibu, huandika rasimu, huirudisha kwa mkuu wa idara, huipunguza maneno ili itoshe kwenye fomu, na baada ya tuzo kupatikana hufuatilia kama yaliyoahidiwa yanafanyika, kwa sababu tuzo ina muda wake na itabidi iombwe upya. Ni kazi ya miezi mingi, na hakuna mgonjwa anayepona wala makala ya kisayansi inayochapishwa kwa sababu yake.

Mambo mazuri yalipatikana. Mikutano iliyokuwa ikiitishwa jioni, saa ambazo mzazi anatakiwa awe langoni mwa shule ya chekechea, ilihamishiwa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Wakuu wa idara walianza kupitia orodha ya watumishi wote kila mwaka na kuuliza nani amefikia vigezo vya kupanda cheo, badala ya kungoja mtu ajisikie jasiri wa kujiombea. Likizo ya uzazi ikazungumzwa mezani kama jambo la kupangiwa bajeti. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2020 ulionyesha kwamba baada ya sharti lile, wanawake waliongezeka miongoni mwa viongozi wa mada za utafiti katika vituo vinavyofadhiliwa na NIHR, na fedha zinazopita mikononi mwao zikaongezeka pia. Kwa hiyo anayesema kwamba masharti ya fedha hayabadilishi kitu atakuwa anabishana na ushahidi.

Lakini mwaka 2016, katika jarida la BMJ Open, watafiti walichapisha tathmini ya namna Athena SWAN inavyoendeshwa kwenye idara za taaluma ya tiba. Waliketi kwenye mikutano, wakahoji watu, wakafuatilia nani anafanya nini. Walichokikuta kinapaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya miradi: sehemu kubwa ya kazi ya kuandaa maombi ya tuzo iliwaangukia wanawake wenyewe. Mwanamke aliyepaswa kupata nafasi ya kuandika makala na kuomba ruzuku alikuwa anaandika ripoti ya kueleza kwa nini wanawake hawana nafasi ya kuandika makala na kuomba ruzuku. Siku ya kupandishwa vyeo ilipofika, jarida halikuwa na jina lake, na ripoti ya kamati haikuhesabiwa kama utafiti.

Tathmini ile iligusa pia ukomo wa mradi wenyewe. Idara inaweza kuhamisha saa ya mkutano. Haiwezi peke yake kubadilisha mikataba ya muda mfupi inayowaning'iniza watafiti vijana, wala ushindani wa ruzuku unaomtaka mtu afanye kazi usiku na Jumapili, wala mazoea ya jamii kuhusu nani anamtunza mtoto mgonjwa. Mpango kazi uliandikwa na idara, ilhali vikwazo vikubwa vilikuwa nje ya uwezo wake.

Mwisho wa sharti hilo ulikuja Septemba 2020. NIHR ilitangaza kwamba tuzo haitatakiwa tena, sababu ikiwa kupunguza urasimu wakati vyuo vimeelemewa. Mwaka huohuo tathmini huru iliyoongozwa na Profesa Julia Buckingham ilikuwa imeshauri mzigo wa makaratasi upunguzwe, na mwaka uliofuata mkataba ukafanyiwa marekebisho. Mkataba wenyewe ungalipo, na umeshavuka mipaka hadi Ireland na Australia. Lakini fedha zilizokuwa zimewafanya wakubwa wasikilize ziliondolewa. Na kilicholiponza sharti hilo ni fomu: zilikuwa nyingi mno, na waliozijaza hawakulipwa kwa kuzijaza.

Kalenda mbili

Huku kwetu hakuna barua kama ile ya Sally Davies. Kuna kifungu. Kila andiko la mradi linalopelekwa kwa mfadhili lina aya inayosema mradi utazingatia usawa wa kijinsia, na kwenye jedwali la viashiria kuna mstari unaohesabu wanawake waliopata mafunzo. Kiashiria hicho hupendwa kwa sababu uthibitisho wake ni rahisi: karatasi ya mahudhurio, yenye jina, taasisi, namba ya simu na sahihi ya kupokea posho. Hakuna karatasi ya mahudhurio ya mtu aliyeacha utafiti kimyakimya akarudi kwenye kliniki binafsi ya jioni.

Tuchukue mfano wa daktari wa kubuni, Mtanzania. Amesoma udaktari miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, akaajiriwa, kisha akarudi chuoni miaka mitatu kusomea ubingwa wa magonjwa ya akili. Akimaliza ana miaka 31 au 32, na ndipo safari ya utafiti inapoanza hasa: shahada ya uzamivu, makala za kwanza, ruzuku ndogo ya kwanza. Kalenda ya uzazi haijui kwamba kuna kalenda ya uzamivu, na zote mbili zina tarehe zisizosogea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba alipewa siku tatu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ilimpa mama miezi mitatu na baba wiki mbili. Msomaji anaweza kuzisoma sheria hizo kama haki za mama, na ndivyo zilivyo. Azisome pia kama taarifa ya serikali kuhusu nani anatarajiwa kubaki na mtoto siku ya nne.

Sasa ziweke siku 84 juu ya ruzuku ya miaka miwili yenye ripoti kila robo mwaka. Robo mwaka ni siku tisini na ushei. Likizo moja ya uzazi inameza robo karibu nzima, na fomu ya ripoti haina mahali pa kuandika kwamba mtafiti mkuu alijifungua. Ina mahali pa kuandika sababu za kuchelewa. Hapo mama anaandika "changamoto za kiutekelezaji", na mtoto wake anaingia kwenye kumbukumbu za mfadhili kwa jina hilo.

Hesabu za dunia zinaonyesha tatizo halitokani na uhaba wa wanawake kwenye sekta. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilisema wanawake ni asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na jamii, lakini wanashika asilimia 25 tu ya nafasi za juu. Wodini wapo, na darasani wapo. Wanapungua kwenye mlango unaoelekea kwenye maabara, bajeti na kiti cha mkuu wa idara.

Waliotangulia waliliona hilo mapema. Profesa Esther Mwaikambo, anayetajwa kuwa Mtanzania wa kwanza mwanamke kuwa daktari, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania, MEWATA, mwaka 1987. Chama hicho kimefahamika sana kwa kampeni za uchunguzi wa saratani ya matiti, kazi iliyowafikia wanawake wengi ambao wasingefika hospitali ya rufaa kwa wakati. Kwa kipimo cha huduma kwa jamii, ni kazi ya kujivunia. Lakini kampeni ya namna hiyo hufanyika mwishoni mwa wiki, na jopo la kupandisha vyeo huihesabu kidogo likilinganisha na makala mbili kwenye jarida la kimataifa.

Swali la tisa

Utafiti wa afya ya akili una gharama ya muda ambayo mtu wa nje haioni. Mfano mdogo unatosha. Katika tafiti nyingi za sonona hutumika dodoso fupi la maswali tisa linalojulikana kama PHQ-9. Maswali manane yanauliza usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha na mengineyo katika wiki mbili zilizopita. Swali la tisa linauliza kama mtu amekuwa akifikiri kwamba ingekuwa heri afe, au akifikiria kujidhuru.

Mhojiwa akijibu ndiyo, kazi ya siku imebadilika. Mhoji hawezi kushukuru, kufunga kishikwambi na kwenda nyumba inayofuata. Taratibu za maadili zinamtaka abaki, atathmini hatari, ampigie simu msimamizi, ahakikishe mtu huyo anaunganishwa na huduma. Msimamizi anayepigiwa mara nyingi ndiye daktari bingwa aliyeandika andiko, na mabingwa wa magonjwa ya akili katika nchi zetu ni wachache kiasi kwamba huyohuyo ana kliniki asubuhi, ana wanafunzi mchana na anadaiwa ripoti ya mahakama kuhusu mshtakiwa. Bajeti ya mradi imeandika idadi ya madodoso kwa siku. Swali la tisa halina mstari wake.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya wanawake na ukatili wa majumbani, uliofanyika katika nchi kadhaa na kutolewa mwaka 2005, ulikuwa na mguu wake Tanzania, Dar es Salaam na Mbeya. Miongoni mwa watafiti wake alikuwa Dk. Jessie Mbwambo wa Muhimbili, daktari wa magonjwa ya akili. Miongozo ya usalama ya utafiti wa aina hiyo inaonyesha kazi ilivyo: mwanamke mmoja tu ahojiwe katika kaya, ahojiwe faraghani na mhoji mwanamke, na mhoji awe na dodoso jingine la kuzugia, lenye maswali ya kawaida ya afya, ili mume akiingia ghafla mazungumzo yahamie huko. Matokeo yalikuwa mazito. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi. Takwimu hizo zimekuwa zikinukuliwa kwa miaka mingi bungeni, kwenye semina na kwenye maandiko ya miradi. Nyuma ya kila asilimia kuna wahoji wanawake waliosikiliza habari hizo kutwa nzima, kisha wakarudi nyumbani kupika.

Anayetaka kujua nchi inapata nini mwanamke mtafiti akipewa nafasi ya kukaa kwenye jambo moja kwa muda, atazame Muhimbili na Makerere. Profesa Sylvia Kaaya na wenzake wamefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu sonona kwa wajawazito wanaoishi na virusi vya Ukimwi jijini Dar es Salaam, ukiwemo wa kupima kama ushauri nasaha wa vikundi unawasaidia. Kaskazini mwa Uganda, eneo lililochoshwa na vita, Dk. Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere alibuni tiba ya vikundi kwa watu wenye virusi vya Ukimwi walio na sonona, inayoendeshwa na watoa huduma wa kijamii waliofunzwa. Jaribio lake lilihusisha vituo vya afya 30 na watu 1,140, na matokeo yake yalitoka katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2020. Miezi sita baada ya tiba, watu waliokuwa bado na sonona katika kundi la tiba walikuwa wawili. Katika kundi lililopewa elimu ya virusi vya Ukimwi peke yake walikuwa 160.

Matokeo kama hayo hayatokani na semina ya siku tatu. Yanatokana na kuanza na jambo dogo, kulijaribu, kulirekebisha, kuomba fedha tena, na kuwa bado upo kazini mwaka wa kumi. Mradi wowote wa kuwasaidia wanawake watafiti upimwe kwa hilo: je, unawafanya wawe bado wapo mwaka wa kumi?

Miradi iliyogusa saa

Ipo mifano ya miradi iliyoliona tatizo pale lilipo. Wa kwanza makao yake ni Nairobi. CARTA, muungano wa kufundisha watafiti wa uzamivu barani Afrika, ulianzishwa mwaka 2008 chini ya uongozi wa kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo walikuwa vyuo vikuu vya Nairobi, Moi, Makerere na Dar es Salaam, pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara. Wanafunzi wake ni watumishi wa taasisi hizo, na hukusanyika kwenye semina za pamoja za wiki kadhaa.

Waliobuni CARTA walijua kwamba wiki kadhaa mbali na nyumbani ni mlango uliofungwa kwa mama mwenye mtoto mchanga. Kwa hiyo matangazo yao yaliwawekea wanaume ukomo wa miaka 40 na wanawake 45, na mama anayenyonyesha akaruhusiwa kuja na mtoto pamoja na mlezi wake, gharama ikiingia kwenye programu. Chumba cha yaya kwenye bajeti ya shahada ya uzamivu! Mhasibu wa chuo anaweza kukuna kichwa akikiona kifungu hicho. Lakini kina uzito kuliko kurasa kumi za maneno kuhusu kumwezesha mwanamke, kwa sababu bila hicho mwanamke huyo hayupo ukumbini kusikia anavyowezeshwa.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Hospitali ya Massachusetts General ilianzisha mwaka 1997 tuzo za Claflin kwa wanawake watafiti wanaoanza kazi huku wakilea watoto. Mwaka 2015 Wakfu wa Doris Duke uliipeleka dhana hiyo mbali zaidi kwa kuzipa shule 10 za tiba fedha za kuwasaidia madaktari watafiti waliobanwa na majukumu ya kulea au kuuguza. Fedha hizo ni za kununua mikono: msaidizi wa utafiti, fundi wa maabara, mtu wa takwimu. Mtafiti anapokuwa wodini na mtoto, au kwa mama yake mgonjwa, sampuli zinaendelea kupimwa na data zinaendelea kuingizwa. Hakuna anayemfundisha kujiamini. Anapewa watu wa kumshikia kazi isilale. Na mlango uko wazi pia kwa mwanamume anayelea, jambo ambalo ni haki na pia ni busara: msaada unaowahusu wanawake peke yao hugeuka haraka kuwa alama ya udhaifu.

Wa tatu unahusu wanaogawa fedha. Mwaka 1997 Christine Wennerås na Agnes Wold walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi wao wa ruzuku za Baraza la Utafiti wa Tiba la Sweden. Walipata nyaraka za waamuzi kwa nguvu ya sheria ya uwazi ya nchi hiyo. Waombaji walikuwa 114, wanaume 62 na wanawake 52. Nafasi zilikuwa 20. Wanaume walipata 16, wanawake nne. Ili mwanamke apewe alama za umahiri sawa na mwanamume, alihitaji tija ya utafiti takribani mara mbili na nusu ya ile ya mwenzake. Hii ni Sweden, nchi inayosifiwa kwa usawa.

Zaidi ya miongo miwili baadaye Kanada ilitoa jibu kwa swali lililobaki, kwamba upendeleo unajificha wapi. Taasisi za utafiti wa afya za nchi hiyo, CIHR, ziligawa ruzuku zake mwaka 2014 katika njia mbili: moja waamuzi walipima zaidi ubora wa utafiti unaopendekezwa, nyingine walimpima zaidi mtafiti mwenyewe kama kiongozi. Holly Witteman na wenzake walichambua maombi karibu 24,000 na kuchapisha matokeo katika The Lancet mwaka 2019. Palipopimwa kazi, kiwango cha wanawake kufanikiwa kilikuwa nyuma ya cha wanaume kwa pointi 0.9 tu za asilimia. Palipopimwa mtu, pengo lilifika pointi 4.0. Waombaji walikuwa wa nchi moja na fedha zilitoka taasisi moja. Kilichobadilika ni swali waliloulizwa waamuzi.

Kwa vyuo vyetu, funzo hilo ni la bei rahisi. Hakuna haja ya kusubiri mfadhili. Kamati ya ruzuku za ndani ya chuo inaweza kesho asubuhi kubadilisha fomu ya alama, ikaupa utafiti uzito mkubwa na sifa za mtu uzito mdogo. Jopo la vyeo linaweza kuamua kwamba miezi ya likizo ya uzazi itolewe kwenye hesabu ya miaka ya tija, na kwamba kuongoza kamati au kulea watafiti chipukizi kuna alama zake kamili. Karatasi mbili tatu na sahihi ya makamu mkuu wa chuo zinatosha.

Hukumu

Ukiiweka miradi hii sambamba, tofauti inaonekana. Mingi inamchukulia mwanamke kama ndiye mwenye upungufu: hajiamini, hajui kuandika maombi, hana mtandao. Dawa yake ni semina. Semina hazina ubaya, na wapo waliofunguliwa macho nazo. Lakini daktari aliyehitimu ubingwa wa magonjwa ya akili, anayeendesha kliniki yenye foleni hadi nje ya mlango na kufundisha wanafunzi, hana upungufu wa kujiamini. Ana upungufu wa saa. Kumwita kwenye semina ya siku tatu kuhusu matumizi bora ya muda ni kumchukulia siku tatu.

Miradi michache inauchukulia mfumo kama ndio wenye upungufu, na kubadilisha saa, fedha na vigezo. Hiyo ndiyo inayobakiza watu kazini. Athena SWAN ilikuwa na bahati ya kuwa nusu ya kila aina. Ilipobadilisha saa za mikutano na utaratibu wa kupandisha vyeo, ilizaa. Ilipogeuka kuwa fomu, mzigo ulirudi kwa walewale waliokusudiwa kupunguziwa mzigo, na sharti la fedha lilipoondolewa hapakuwa na umati wa kulililia.

Kwa sisi wenye uhaba wa mabingwa wa magonjwa ya akili, hili si suala la haki za wanawake peke yake, ingawa haki hizo zingetosha. Serikali nyingi duniani hutumia takribani asilimia mbili tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili. Katika uchache huo, kumsomesha daktari miaka tisa na zaidi, kisha kumpoteza kwenye utafiti kwa kukosa msaidizi mmoja wa kuingiza data wakati ananyonyesha, ni hasara ambayo mkaguzi wa hesabu yeyote angeiandikia hoja.

Basi ndugu msomaji, ukiwa kwenye baraza la chuo, bodi ya mfadhili au kamati ya wizara, siku utakapoletewa mradi mwingine wa kuwawezesha wanawake katika tiba na utafiti, usianze na ukurasa wa malengo. Malengo huwa mazuri daima. Nenda moja kwa moja kwenye bajeti utafute mstari unaolipia muda wa mtu: msaidizi wa utafiti, mlezi wa mtoto, miezi ya ziada ya ruzuku baada ya uzazi, na saa za yule atakayeandika ripoti zenu. Mstari huo usipokuwepo, rudisha andiko kwa walioliandika kabla hujaweka sahihi.